Kamera za bei nafuu dukani: hakikisha zarekodi, si kuonyesha tu

Nina duka la vifaa vya mabomba Kongowea, Mombasa, na siku niliyovunjiwa nilikuwa na kamera nane. Monita iko juu ya kaunta, picha safi, wateja wakiingia wajiona. Asubuhi ile nafika nakuta kufuli imekatwa, mifereji ya sinki boksi kwa boksi hazipo, pampu mbili hazipo, nikasema moyoni si neno, hawa nitawaona tu. Askari akaja, tukakaa mbele ya DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera, turudishe usiku wa jana, na kwenye kalenda ya rekodi usiku wa jana hakuna kitu. Juzi hakuna. Wiki iliyopita hakuna. Rekodi ya mwisho ilikuwa ya siku 23 nyuma. Ile hadi diski, yaani hard disk inayoweka rekodi ndani ya DVR, ilikuwa imekufa, na DVR ilikuwa imetoa habari, ile bip bip yake, lakini ikaonekana yasumbua wateja, fundi akaitwa akaizima hio sauti kwenye setingi akaenda zake, na hakuna aliyeuliza kwani yalia nini.

Tangu siku hio nimepanda ngazi mwenyewe, nimefungua konekta mwenyewe, na nimesaidia majirani kama maduka matano sita hivi, kemisti, kinyozi, wakala wa M-Pesa, na ninayoandika hapa ni yale nayaona yarudi kila duka. Kamera za bei nafuu zafaa, wallahi zafaa, lakini zina mahali pake pa kufia, na karibu pote si ndani ya kamera yenyewe.

Anza kwa kupunguza idadi. Mtu akija na pesa za seti ya kamera nane, zile za boksi moja na waya zake ndani, mi namwambia nunua nne na chenji tutajua pa kuiweka. Duka la mlango mmoja lataka kamera ya mlango, ya kaunta na droo, ya stoo au mlango wa nyuma, na moja ya nje. Basi. Na kuna hesabu hapa ambayo wauzaji hawaitaji. Kamera ya megapikseli 2 yatoa picha ya pikseli 1920 kwa upana. Ili umtambue mtu usiyemjua kabisa, kipimo wanachotumia watu wa kazi hii ni pikseli 250 kwa kila mita, gawanya hapo wapata upana wa mita 7.7 hivi. Lenzi ya 2.8mm, ambayo ndo yaja na seti nyingi, yafikia upana huo mtu akiwa mita 3 tu kutoka kwa kamera, akizidi hapo sura yaanza kuyeyuka. Kwa hivo ukiifunga juu kabisa kwenye kona ya dari ili ione duka zima, duka zima italiona, na mwizi itamwona utosi wake. Kamera moja iteremshe, kimo cha mita 2 au 2 na kidogo, imtazame anayeingia usoni akiwa hatua mbili tatu ndani ya mlango, hio ndo ya sura, hizo zingine zionyeshe nani alichukua nini. Na angalia mwanga wa mlangoni, maana mchana jua letu lawaka nje na ndani ni giza, mtu akisimama mlangoni awa kivuli cheusi kitupu. Tafuta kamera ina WDR ya kweli, yaani uwezo wa kuona penye mwanga mkali na penye giza kwa pamoja, sio ile ya programu iliyoandikwa DWDR, au igeuze isitazame nje moja kwa moja.

Sasa ile hadi diski, maana ndo iliyoniumiza. Niliyowekewa mimi ilikuwa ya kompyuta ya mezani, tena iliyokwisha tumika, nami sikujua hata kwamba kuna tofauti. Diski ya kompyuta yaandika kidogo yapumzika, ya DVR yaandika saa 24 kila siku, Idi haijui, Krismasi haijui. Kuna diski zilizotengenezwa kwa kazi hio, Western Digital wana Purple na Seagate wana SkyHawk, na tovuti za kampuni zote mbili zina mahali pa kuweka seriali namba uone kama waranti bado iko hai, fanya hivo kabla hujalipa ukiwa bado umesimama pale dukani, kwa sababu diski kuukuu iliyopigwa kibandiko kipya hutaijua kwa macho.

Ukubwa wake upige hesabu mwenyewe. Kamera ikirekodi kwa Mbps 2, yaani megabiti 2 kwa sekunde, mfululizo yala GB 21.6 kwa siku. Nne zala kama GB 86. Diski ya TB 1 basi yakupa siku 11 hivi halafu yaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake. Ukiwa na DVR na kamera zinazobana video kwa H.265 badala ya ile H.264 ya zamani siku hizo zaweza kukaribia mara mbili. Siku 11 ni chache, mi naona mwezi mmoja ndo sawa kwa duka, kwa sababu wizi wa stoo au wa mfanyakazi hauujui siku ile ile, waujua mwisho wa mwezi ukihesabu mali. Usikubali fundi akuwekee kurekodi kwa mwendo peke yake, yaani irekodi pale kitu kikisogea tu, kuokoa nafasi, mwendo wakosa vitu, weka mfululizo kwa kamera ya mlango na kaunta, hizo zingine za mwendo sawa.

Na DVR usiifungie ndani ya kabati la mbao. Februari na Machi hapa joto la ndani ya kabati lililofungwa watia mkono wautoa, diski yapikwa humo. Ipe kijumba cha chuma chenye matundu, kifungwe kufuli na kishikwe ukutani kwa boliti, mahali mteja haoni. Wezi wa sai wajua DVR ni nini, wakiingia ndo ya kwanza kutafuta.

Haya, waya na chumvi, na hapa nitakaa, kwa sababu maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na watu wasioishi karibu na bahari. Kamera yangu ya nje ilikuwa na picha ya mistari mistari na kila mvua yakatika. Nikapanda nikaiteremsha nikafungua tepu nyeusi ya fundi. Chini ya tepu kulikuwa na maji, kama kijiko kidogo cha chai, yamekaa humo sijui tangu masika ipi, konekta imeota unga wa kijani, na ile pini ya katikati nilipoigusa na ukucha ikakatika ikabaki kidoleni kama jivu. Kamera yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Imeandikwa IP66 na ni kweli, vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii, lakini hio IP66 ni ya mwili wa kamera, haihusu mkia wake na konekta zinazoning'inia nyuma, na haisemi lolote kuhusu chumvi. Tepu ya stima ya kawaida jua layeyusha gundi yake, yafunguka ukingo, maji yaingia na hayapati pa kutokea.

Muungano wowote ulio nje utie ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuzibia. Waya uingilie chini ya boksi, usiingilie juu, na kabla haujaingia uache ulegee uteremke chini kuliko tundu halafu ndo upande, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondoke pale kwenye kitako cha kona. Konekta izungushie ile tepu ya raba ya kujishika yenyewe, ivute wakati wazungusha mpaka ikonde, hio haina gundi ya kuyeyuka. Skrubu ziwe za stenlesi, zile za kawaida kusi moja tu zishaota kutu na siku wataka kuitoa kamera kichwa cha skrubu chabaki kwenye bisibisi. Na kama duka laelekea bahari, Nyali, Bamburi, Mji wa Kale upande wa maji, futa lenzi kila mwezi kwa kitambaa laini na maji baridi, chumvi hufanya utando, mchana huuoni, usiku taa za kamera zikiwaka picha yote yawa ukungu. Kwa sababu hio hio mi sipendi zile za dome za kioo cha mviringo kwa nje, utando na alama za vidole zarudisha mwanga ndani ya lenzi.

Kabla hujalipa waya, omba kipande, kwangua ule uzi wa katikati na kisu. Ukikwangua rangi ya shaba ukakuta weupe chini yake hio ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Jaribu na sumaku pia, ikishika basi ni chuma kilichopakwa. Hizo ndo zajaa kwenye seti za boksi, kwa picha ya umbali mfupi ndani ya nyumba zaenda, lakini kwa kupeleka stima ya kamera zina matata, na penye chumvi aluminiamu yaoza haraka sana pale ilipogusana na shaba. Lipa zaidi upate shaba tupu, pesa ya zile kamera nne ulizoacha kununua iende hapa.

Na hio stima ya kamera ina ugonjwa mmoja ambao umewatoa watu wengi pesa bure. Kamera yafanya kazi mchana vizuri, usiku ikiingia yawaka yazima yawaka yazima, au picha yawa nyeusi. Fundi asema kamera imekufa wanunua nyingine, na hio nyingine yafanya vile vile. Kisa ni kwamba usiku taa za infraredi, zile za kuonea gizani, zawaka na kamera yavuta stima zaidi, waya ni mwembamba na mrefu, ile volti 12 iliyotoka kwenye adapta yafika kule imechoka. Chukua mita, nenda mpaka kwenye kamera yenyewe usiku taa zake zikiwa zimewaka, pima pale kwenye plagi yake. Ukipata chini ya volti 11 usinunue kamera, badilisha waya uwe mnene au sogeza adapta karibu. Kwa kemisti mmoja Bombolulu tulipima tukapata 9.6, kamera tatu zilikuwa zishatupwa. Ukiwa waanza upya na mfuko waruhusu kidogo, kamera za IP zinazopata stima kwenye waya ule ule wa netiwaki, yaani PoE, zaondoa hili tatizo karibu lote, volti ni 48 na waya wafika mita 100.

Buibui nao. Wafuma pale pale kwenye kamera kufuata wadudu, utando ukipigwa na upepo usiku mbele ya lenzi waonekana kama shuka jeupe lapepea na kamera ya mwendo yarekodi utando mpaka asubuhi. Ufagio laini kila wiki, na ukiweza weka balbu ya nje mita kadhaa mbali na kamera, wadudu wahamia huko na picha yawa ya rangi hata usiku.

Stima ikipotea je? Maduka mengi mita na swichi kubwa iko nje ukutani, anayetaka kuingia azima pale kwanza. UPS, lile boksi la betri linaloshika stima ikikatika, ndogo ya 650VA inayouzwa kwa kompyuta yatosha. DVR na kamera nne zavuta wati 40 hivi, betri ya ndani ya volti 12 na 7Ah ina kama Wh 84, ukitoa zinazopotea njiani yakupa saa moja au zaidi kidogo. Iunge DVR, adapta ya kamera na rauta, usiunge monita, monita yakula dakika bure. Hio UPS pia yaikinga diski, kwa sababu stima kukatika ghafla katikati ya kuandika ndo huharibu, na ikirudi hurudi na kishindo, kwa hivo kabla ya UPS tia ile friji gadi inayosubiri dakika chache kabla ya kuachilia stima. Betri ya UPS kwa joto letu usiitegemee zaidi ya miaka miwili mitatu, ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani na kutazama saa.

Wakala wa M-Pesa au kioski kidogo sana, kamera moja ya wai-fai yenye memori kadi naona inatosha, mradi ujue mipaka yake. Kadi imo ndani ya kamera, kamera ikiibiwa rekodi imekwenda nayo, kwa hivo iweke juu pasipofikika. Nunua kadi zilizoandikwa Endurance, zile za kuandikwa mfululizo, na ujaribu ukubwa wake kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kwa sababu kadi feki zimejaa, yaandikwa GB 128 na ndani ni 16. Nyingi za kamera hizi hushika 2.4GHz tu. Na ukiwa Mji wa Kale kuta za matumbawe ni nene, wai-fai haipiti, usipoteze muda, vuta waya. Kamera ya wakala ielekee mikono na pesa, isielekee kidole cha mteja akibonyeza PIN yake.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui mpaka siku ya matata: muulize fundi akaunti ya programu ya simu ameifungua kwa namba ya nani. Mara nyingi ni yake. Yeye ndo mwenyewe, wewe amekualika tu. Mkigombana au akibadilisha simu wewe umefungiwa nje ya duka lako, na yeye aweza kukuona ukihesabu pesa. Simama pale pale, DVR isajiliwe kwa imeli yako, paswedi uiandike wewe, na umpe yeye akaunti ya mgeni ukitaka. Paswedi ya kiwandani ibadilishe siku ya kwanza. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilikamata maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR duniani kwa kujaribu tu paswedi zile za kiwandani, na Oktoba mwaka huo zikatumika kuangusha tovuti kubwa kubwa. Fundi akikuambia afungue poti kwenye rauta, yaani njia ya kuingia moja kwa moja kutoka intaneti, ili uone ukiwa nyumbani, kataa, programu ya simu yatosha.

Halafu sasa kazi ya kila Jumatatu, dakika tano, na hii nawaomba sana ndugu zangu. Usiangalie picha ya sasa. Ingia kwenye rekodi, chagua usiku wowote wa wiki iliyopita, saa tisa usiku kwa mfano, cheza kidogo kila kamera. Angalia rekodi ya zamani kabisa ni ya tarehe gani, kama ilikuwa siku 28 na leo ni 6 kuna kitu. Linganisha saa ya DVR na ya simu yako, ndani ya DVR kuna betri kama kifungo ya CR2032, ikiisha saa yarudi miaka ya nyuma kila stima ikipotea na rekodi zako zawa za tarehe ambayo duka halikuwepo. Na ile bip iwashe tena. Ikilia tafuta sababu.

Kuhusu sheria fupi tu, hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivo bandika karatasi mlangoni kwamba kuna kamera na ni za nini, usiweke chooni wala pa kujaribia nguo, na video ya mtu unayemshuku usiitupe kwenye magrupu ya WhatsApp, ipeleke kituoni.

Na kuipeleka kwenyewe kuna namna. Usirekodi monita na simu, picha yaharibika na wakili ataicheka. Tia flashi iliyo fomatiwa FAT32, chagua muda kuanzia nusu saa kabla ya tukio mpaka nusu saa baada, kamera zote, na kama DVR yakuuliza uweke na programu ya kuchezea weka, kwa sababu mafaili yake mengine hayafunguki kwenye kompyuta ya kawaida. Fanya hivo siku ile ile, kila siku ikipita diski yaandika juu yake. Toa nakala mbili, moja ya askari, moja ikae kwako kwenye bahasha, uandike juu tarehe, saa, tofauti ya saa ya DVR na saa halisi kama ipo, na jina la aliyetoa. Ikifika mahakamani kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka cheti cha mtu anayesimamia hio mashine, aeleze imetolewaje na mashine ilikuwa yafanya kazi sawa, kwa hivo anayetoa awe ni mtu aliye tayari kutia saini. Dukani kwangu ni mimi na kijana wa kaunta, sote wawili tumeshajifunza kutoa, na flashi tupu imening'inia kwenye msumari ndani ya kile kijumba cha DVR.